Rombo hadi Amboseli: Mlima Kwanza, Tembo Kesho

Likizo zikikaribia, swali huwa ni lilelile: tukitoka Moshi alfajiri na gari letu, tupite Rombo, tuvukie Tarakea, tutafika Amboseli tuone tembo na kurudi jioni? Kwenye ramani inaonekana inawezekana. Safari yote, kutoka Moshi mjini hadi lango la Kimana, haizidi sana kilomita 150, na sehemu kubwa ni lami. Jibu langu ni moja, nami nalisimamia: usivuke mpaka na kuingia hifadhini siku moja. Siku ya kwanza wape mlima na mpaka. Lala upande wa pili, Loitokitok au Kimana. Hifadhini ingia kesho yake, lango linapofunguliwa.

Ushauri huu si wa kukuongezea gharama za kulala. Barabara ya Rombo haikimbiliki, karatasi za mpakani hazina haraka, na Kilimanjaro, ambao ndio unaoipa Amboseli sura yake, mara nyingi unakuwa umejifunika mawingu ifikapo saa nne asubuhi. Anayefika langoni saa nane mchana baada ya kupambana na kona na foleni ya forodha ananunua siku ambayo imeshakwisha, kwa sababu saa 12 jioni malango yanafungwa. Analipa kiingilio kamili kwa saa chache za jua kali, tembo wakiwa mbali ndani ya majani na mlima hauonekani.

Wengine huuliza kwa nini tusitoke Serengeti moja kwa moja kuingia Maasai Mara, maana mbuga hizo zimepakana. Njia ya Bologonja ilifungwa mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na hata mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983 kivuko hicho hakikurudishwa kwa wasafiri. Kwa mtu wa kaskazini mwenye gari lake, njia nzuri zaidi ya kuvuka mpaka kwenda kwenye hifadhi ni hii inayouzunguka mlima kwa mashariki. Ipo pia Namanga, na nitaigusa mwishoni, lakini Namanga ni njia ya kufika tu. Rombo ni safari yenyewe.

Anza na karatasi, tena wiki mbili kabla. Pasipoti au hati ya kusafiria ya muda ya Afrika Mashariki ni ya kila abiria, watoto wakiwemo. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe barua ya ridhaa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani, maana unaweza kuulizwa wakati wa kurudi Tanzania ukitokea Kenya. Kama ulichanja zamani, usihangaike kuchanja upya: tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo hiyo inahesabika kuwa ya maisha.

Gari nalo lina karatasi zake, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Beba kadi halisi ya gari, si kivuli. Ikiwa kadi inashikiliwa na benki kwa sababu ya mkopo, omba barua ya benki inayoruhusu gari kutoka nchini. Ikiwa gari ni la shemeji au la ofisi, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, ikitaja jina lako, namba ya gari na tarehe za safari. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Ng'ambo unahitaji ile ya kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA lakini imebaki katika mpango huo wa bima, hivyo kampuni yako ya bima inaweza kukukatia kabla hujaondoka. Kuikata mapema ni bora kuliko kuinunua dirishani mpakani huku vijana wawili wakikuvuta mkono kila mmoja upande wake.

Kama gari ni la kukodi, soma mkataba: mengi hayaruhusiwi kuvuka. Gari la biashara ya utalii lina sheria zake baina ya nchi hizi mbili, nazo si rahisi, kwa hiyo mwenye kampuni asidhani kwamba ninayoyasema hapa yanamhusu. Na ukiwa na ndugu waliokuja likizo kutoka Marekani au Ulaya wakiwa na pasipoti za huko, waombe kibali cha kuingia Kenya kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege, kisha waulize Uhamiaji wetu kama viza yao ya Tanzania itawaruhusu kurudi. Wananchi wa Afrika Mashariki hatuna shida hiyo. Gongewa muhuri, pita.

Sasa twende barabarani. Kutoka Moshi unafuata barabara ya Dar hadi Himo, halafu unaiacha na kushika ya Marangu. Jaza mafuta kabla ya kuanza kupanda, na hapohapo kagua tairi, tairi la akiba, jeki, maji ya rejeta na, juu ya yote, breki. Pale Marangu Mtoni njia zinagawanyika: moja inapanda kwenye lango la wapanda mlima, nyingine inakwenda Mwika na kuingia Rombo. Kuanzia hapo barabara inapita katikati ya vihamba, migomba pande zote mbili, kahawa chini ya migomba, na nyumba ziko karibu na lami kiasi kwamba unasikia redio za watu. Ni nzuri mno kwa macho, na uzuri huo ndio hatari yake, kwa sababu dereva anasahau kwamba anaendesha ndani ya kijiji kimoja kirefu. Watoto wanatoka shule, bodaboda anatokea kwenye kichochoro cha migomba bila kuangalia, mama amebeba majani ya ng'ombe kichwani na hakuoni. Kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ni sheria. Kwa Rombo, ichukulie kuwa ndio mwendo wa safari nzima.

Miteremko ndiyo inayotaka akili. Mlima umechanwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni, hivyo barabara inashuka kwenye korongo, inavuka daraja, inapanda, inashuka tena. Dereva wa mjini anashuka na mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Baada ya miteremko kadhaa utasikia harufu kali kama ya mpira ulioungua, na pedali inaanza kuzama. Hiyo ni breki iliyochemka, na ikichemka zaidi haishiki kabisa. Tumia gia: ile ambayo ungepandia mlima huo, ndiyo ya kushukia. Gari la otomatiki lina L, 2 au alama ya kutoa na kujumlisha. Jifunze matumizi yake ukiwa nyumbani, si ukiwa juu ya korongo. Breki iguse, iachie, iguse tena. Na harufu ikija, usiyamwagie magurudumu maji. Tafuta sehemu pana, egesha, subiri robo saa, kunywa chai.

Ukungu ni jambo la pili. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na hata asubuhi za Juni na Julai, unaweza kutoka kwenye jua ukaingia kwenye wingu zito ndani ya kona mbili. Washa taa za chini. Taa za juu zinarudisha mwanga machoni mwako. Usipite gari lingine. Na usisimame barabarani ukiwa umewasha hazadi tu ukidhani umeonekana, toka kabisa nje ya lami.

Kuna wakati mmoja nisioushauri hata kwa dereva mzoefu: wiki ya Krismasi. Wachaga wa Dar, Arusha na Mwanza wote wako njiani kurudi nyumbani, mabasi yanakimbizana, magari madogo yana madereva waliokesha usukani, na sherehe zinaanzia kandokando ya barabara. Nenda Rombo Desemba kula Krismasi na wenyeji, ni jambo la heri. Amboseli iache hadi Januari.

Kadiri unavyosogea kaskazini, baada ya Mkuu na Useri, nchi inabadilika mbele ya macho yako. Upepo wa mvua unatoka Bahari ya Hindi na kumwaga maji yake zaidi upande wa kusini na kusini-mashariki. Kaskazini kunabaki kukavu. Migomba inapungua, mahindi, maharage na alizeti vinashika nafasi, na Mawenzi, kilele chenye meno kinachofika mita 5,149, kinakusimamia kushoto. Simama hapa, nyoosha miguu. Ukitazama simu utaona imeshakamata mnara wa Kenya ungali Tanzania, jambo ambalo watu wa Rombo wamelilalamikia miaka mingi. Zima data, au chagua mtandao wako kwa mkono, la sivyo salio litayeyuka kabla hujagongewa muhuri.

Kwa nini mpaka umepinda hapa na kuuacha mlima wote kwetu? Utasikia hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake wa Ujerumani kama zawadi. Si kweli. Mstari huo ni zao la makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mpaka kutoka pwani hadi ziwani na kuupindisha kaskazini ya Kilimanjaro. Familia za pande mbili zilikuta mstari umechorwa katikati yao, ndiyo maana hadi leo Tarakea na Loitokitok zinaishi kama mji mmoja wenye sarafu mbili, na siku za gulio mstari huo karibu unasahaulika.

Usisahau wewe, hata hivyo. Fika Tarakea mchana, jua likiwa juu. Utaratibu ni huu: Uhamiaji wa Tanzania wa kutoka, forodha ya Tanzania kwa gari, kisha Uhamiaji wa Kenya na forodha ya Kenya, ambako unapewa kibali cha muda cha gari kukaa nchini. Kisome kabla hujaondoka dirishani. Angalia namba ya gari, namba ya chesi, na hasa tarehe ya mwisho, na uombe siku mbili zaidi ya unazohitaji. Huduma za serikali lipia pale unapopewa stakabadhi. Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, si kwa kijana anayehesabu noti haraka kuliko macho yako.

Loitokitok ni mji wa mtelemko, hewa baridi, sokoni nyanya na vitunguu. Kimana uko chini zaidi, joto zaidi, barabara ya lami inayokwenda Emali ikipita hapohapo. Mimi huwapendekezea watu Kimana kwa sababu lango liko karibu, na kipande kilichobaki hadi hapo ni cha vumbi. Jioni hiyo fanya mambo matatu: jaza mafuta, lipia hifadhi, panga maji. Shirika la wanyamapori la Kenya halipokei fedha taslimu langoni. Malipo hupita kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, kwa kadi ya benki au simu. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, hivyo pasipoti iwe mkononi. Ukisubiri kulipia langoni, na mtandao ukiwa unasuasua, utaupoteza muda uleule uliolalia Kimana kuupata. Maji nayo: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Beba maji kwenye dumu na vikombe au chupa za chuma. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku nchi nzima mwaka 2017.

Amka saa kumi na moja. Ukiwa langoni saa 12 asubuhi, utaingia hifadhini wakati Kilimanjaro wote, kuanzia mabega hadi theluji ya Kibo, uko wazi. Hapo ndipo usiku wa Kimana unapojilipa. Una kama saa tatu kabla ya mawingu kuanza kukusanyika kiunoni mwa mlima. Picha za mlima zipige kwanza, wanyama utawakuta.

Amboseli si kubwa, kilomita za mraba 392 tu, na kwa mvua inayonyesha pale isingeweza kuwalisha tembo hata kidogo. Kinachoibeba ni mlima uliouzunguka jana. Mvua na umande wa misitu ya Kilimanjaro vinazama kwenye mawe ya volkano, vinasafiri chini ya ardhi, na kuibuka hapa kama chemchemi zinazojaza mabwawa ya Enkongo Narok na Longinye. Ziwa Amboseli lenyewe mara nyingi ni uwanja mkavu mweupe wenye vumbi linalocheza, ilhali kilomita chache pembeni kuna majani ya kijani hata Septemba. Kwa hiyo usizunguke ovyo ukitafuta wanyama. Kaa kando ya maji.

Tembo hushuka mabwawani asubuhi na kutoka jioni. Zima injini kwenye barabara ya Enkongo Narok na utazame mmoja tu kwa nusu saa. Anazungushia mkonga fundo la majani ndani ya maji, anaulegeza udongo kwa ncha ya mguu, anang'oa, kisha analipigapiga lile fundo kwenye goti hadi tope linadondoka, ndipo anatia mdomoni. Maji yanamfikia tumboni, na mstari wa tope unabaki ubavuni kuonyesha alizama kiasi gani. Yangeyange wanamfuata kuokota wadudu anaowaamsha. Tembo hawa ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi duniani, maana Cynthia Moss alianza kuwafuatilia mwaka 1972 na utafiti huo haujakatika. Familia zao zina majina, na koo zao zinafahamika kwa vizazi.

Wamezoea magari. Hilo lisikufanye uwazoee wewe. Ukiona familia inakuja kuvuka barabara, simama mbali, usiwaingilie katikati, usipige honi, usirudi nyuma kwa kishindo. Akigeuka kukukabili akiwa ametanua masikio na kutikisa kichwa, anakuambia umesogea mno. Tulia, kisha ondoka polepole. Dume mwenye maji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, mkojo ukimchuruzika miguuni, yuko kwenye joto la kutafuta majike. Huyo mpishe kabisa, hata kama barabara ni moja na itabidi usubiri saa nzima.

Mwendo hifadhini usizidi kilomita 40 kwa saa, na usitoke nje ya njia. Udongo wa pale wakati wa mvua ni tope jeusi linalonata hadi gari lenye kushika magurudumu yote linalala, na wakati wa kiangazi alama za tairi zinabaki miaka. Gari dogo la chini linafika Kimana vizuri. Kuingia nalo ndani, hasa Aprili au Novemba, nisingekushauri. Liache ulipolala, kodi gari la wenyeji lenye dereva anayezijua njia. Kushuka garini ruhusa ni sehemu zilizotengwa tu, mojawapo ni kilima cha Noomotio, unapopanda kwa miguu na kuona mabwawa yote kwa mara moja. Fika hapo saa nne au saa tano, mawingu yakishaushika mlima, ule chakula chako kivulini.

Jambo moja ninakuomba ulitazame ukiwa njiani kati ya Kimana na lango: uzio. Eneo la Kimana ni mapito ya tembo kutoka Amboseli kwenda malisho ya mashariki, kama Kitendeni ilivyo mapito yao kuja misitu ya Kilimanjaro upande wetu. Mashamba ya umwagiliaji na viwanja vilivyokatwakatwa vinayabana mapito haya mwaka hadi mwaka, na Wamasai wanaokubali kuacha ardhi yao wazi wanabeba mzigo ambao wageni hawauoni. Kwa hiyo fedha yako iache pale: lala kwa wenyeji, nunua kwao, ajiri dereva wao. Mtu usimpige picha bila kumwomba.

Wakati wa kurudi unaweza kutokea lango la Meshanani hadi Namanga, kisha Arusha. Barabara hadi Namanga ina matuta madogo yanayotikisa kila nati ya gari, lakini unakamilisha mzunguko na mpaka wa Namanga una ofisi za nchi zote mbili chini ya paa moja. Ukichagua hivyo, mwambie ofisa wa forodha siku ile ya kwanza kwamba utatokea Namanga. Popote unapotokea, usibebe mzigo wa mtu usiyemjua, na usikubali hata shada moja la mirungi garini: Kenya ni biashara halali, Tanzania ni dawa za kulevya na kosa la jinai. Mifupa, manyoya na mawe ya hifadhi viache vilipo.

Na kabla ya kuvuka, simama forodha ya Kenya ukifunge kile kibali cha gari. Watu wenye haraka hugonga pasipoti wakapita. Kibali kisipofungwa, kwenye kumbukumbu za forodha gari lako bado liko Kenya, na tarehe yake ya mwisho inaendelea kuhesabiwa.